Marudio ya Jina la Musimbi

Katika ukoo wa Kukhu Immaculate, mtoto hapewi jina kwa sababu wazazi wamelipenda. Mtoto hujichagulia mwenyewe, kwa kulia. Akilia bila kukoma, wakubwa humtajia wafu wa ukoo mmoja baada ya mwingine, na jina litakalomnyamazisha ndilo lake, kwani marehemu huyo ndiye aliyekuwa akipiga kelele kupitia koo la mtoto ili akumbukwe. Utaratibu huu hauna rufaa. Kukhu alikuwa ameusimamia kwa watoto wa ndugu, wa majirani, na hata wa mwenye nyumba, kwa ukali wa mwalimu wa zamu anayesimamia foleni ya maharagwe, na hakuna mtoto aliyewahi kurudi kulalamika.

Kwa hiyo mjukuu wake wa kwanza alipozaliwa hapo Gatwekera, Kibera, na kulia kutwa nzima, Kukhu alifunika omena zake, dagaa wa kuuza, kule Kisumu Ndogo, akanawa mikono kwa sabuni ili marehemu wasikimbizwe na harufu, akampokea mtoto begani. Alianza na Imali. Mtoto akalia. Akataja Muhonja. Mtoto akalia kwa dharau zaidi. Akamtaja Kageha, ambaye enzi za uhai wake alikuwa na sauti ya kutawanya mkutano, na mtoto akamshinda Kageha. Ndipo Kukhu, kwa sauti ya chini kuliko zote, akasema, "Musimbi."

Mtoto akacheua kidogo, akanyamaza.

Ilibidi Kukhu atafutiwe kiti. Musimbi alikuwa dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufa, akambeba mgongoni mpaka miguu ya Kukhu ikawa inaburuzika njiani, akaacha shule ili Kukhu afike darasa la saba. Alikufa bila mtoto. Na mtu aliyekufa bila mtoto jina lake hubaki vinywani mwa watu wachache wanaozeeka, kisha hata vinywa hivyo hufungwa. Kukhu alikuwa amengoja jina hilo liitikiwe tangu akiwa na mimba ya Morris, naye Morris akatoka mvulana, kosa ambalo mama yake hakuwa amemsamehe kabisa. Sasa deni la roho lilikuwa limekwisha. Morris alitumwa akatafute cheti cha kuzaliwa, akapanga foleni mpaka akawafahamu watu wa foleni kwa majina na maradhi yao, akarudi nacho: Musimbi Shivachi.

Musimbi mdogo alikua kwa sifa. Baba yake alikuwa akitengeneza masanduku ya chuma, yale ya wanafunzi wa bweni, na alikuwa akiyagongea mlangoni pa nyumba kuanzia asubuhi. Mtoto alilala. Ukuta wa pili ulikuwa wa kanisa lenye spika kubwa kuliko waumini. Mtoto alilala. Kukhu akawa anawaambia wateja wake, huku akipima omena, kwamba mjukuu wake ana nidhamu ambayo haijaonekana Kibera tangu Kibera iwe Kibera.

"Hata umpigie ngoma kwa kichwa, hatingisiki," alisema. "Hiyo ni damu ya Musimbi. Dada yangu alikuwa hivyo. Mtu wa kutulia."

Sifa hizo zilikoma siku rundo la masanduku lilipoporomoka. Gatwekera nzima iliruka. Mhubiri wa jirani alikatiza sala akaulizia majeruhi. Mutanu, mke wa Morris, aliyekuwa ameketi mlangoni akipanga nguo za mitumba za watoto za kupeleka soko la Toi, aliruka pia, kisha akamgeukia mtoto wake. Musimbi alikuwa akikagua kidole chake cha mguu. Hakuwa ameinua hata kope.

Mutanu alipiga makofi nyuma ya kichwa chake. Akagonga sufuria kwa mwiko. Morris akaleta nyundo na sanduku. Mtoto aligeuka pale tu kivuli cha baba yake kilipomwangukia, akamchekea baba kwa furaha, na ile furaha ndiyo iliyowamaliza wazazi.

Hospitali ilithibitisha. Musimbi hakuwa akisikia chochote, na hakuwahi kusikia chochote tangu azaliwe. Kukhu alilia nyuma ya pazia, mdomo ameuziba kwa leso, mpaka akakumbuka kwamba mtu anayemficha kilio chake hawezi kukisikia. Hapo akalia zaidi.

Habari njema ilikuwa kwamba kuna kifaa. Madaktari wangepandikiza kipande kimoja ndani ya sikio, chini ya ngozi, na kingine kingevaliwa nje, wafadhili wangegharamia, mtoto angefunzwa kusikia. Familia ilifurahi. Na katikati ya furaha hiyo ndipo Susu Wayua alipofika kutoka Kawangware.

Susu Wayua alikuwa mama yake Mutanu, na kwao Kitui "susu" ni bibi, kama "kukhu" kwa akina Morris. Alipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, wa kuuza karibu na stendi, na alikuwa na akili ya wakili aliyenyimwa chuo. Alileta sufuria iliyofungwa kwa shuka, akatoa pole zake zote kwa mpangilio, akala, akanywa chai, akafuta mdomo.

"Mama Morris," akasema, "kuna kitu kinanisumbua."

"Sema, Mama Mutanu."

"Ile siku ya jina. Uliita, mtoto akanyamaza."

"Aliitika. Kila mtu alikuwa hapa."

"Mimi sikatai. Nauliza tu. Alisikia nini?"

Morris, aliyekuwa akiingia, aligeuka akatoka.

"Marehemu hawatumii masikio," Kukhu akasema hatimaye.

"Basi mbona ulikuwa unaita kwa mdomo?"

Swali hilo lilikaa katikati ya nyumba kama mgeni aliyekuja na godoro. Susu Wayua hakulikimbiza. Alieleza, kwa upole wa kuudhi, kwamba yeye si mtu wa kuingilia mila za wenyewe. Kwao Kitui watoto walipewa majina bila kelele. Lakini kama sheria ya nyumba hii ni kwamba mtoto huitikia, na mtoto huyu hakuwa na la kuitikia, basi zoezi lile lilikuwa batili, na nchi hii inajua kinachofuata zoezi likiwa batili. Linarudiwa. Na likirudiwa, upande wa Kawangware pia una wafu.

"Mama yangu aliitwa Mukai," akasema. "Alizika waume wawili na akashinda kesi ya shamba. Huyo akiitwa, mtoto atanyamaza."

"Hata mimi ningenyamaza," Morris akasema kutoka nje.

Kikao rasmi kilifanyika Kawangware, chumbani kwa Susu Wayua, kikafunguliwa kwa sala na kufungwa kwa chapati. Mutanu alijaribu kusema kwamba jina liko kwa cheti na kwamba yeye anataka mtoto asikie, basi, hata akiitwa Jumatatu. Aliambiwa angoje, wazazi wanazungumza. Ikaazimiwa kwamba marudio yatafanyika siku ile kifaa kitakapowashwa, kwa kuwa hospitali ilikuwa imeshaonya kwamba watoto wengi hulia wakisikia kwa mara ya kwanza. Kila upande ungeita kwa zamu. Kukhu alikubali yote. Angekataaje? Sheria ilikuwa yake. Lakini usiku hakulala vizuri, kwani aliona wazi alichokubali: kama mtoto angenyamaza kwa Mukai, Musimbi angekufa mara ya pili, na safari hii ni Kukhu mwenyewe aliyeita mazishi.

Upasuaji ulifanyika na kwenda salama. Mtoto alirudi na bendeji iliyomfanya aonekane kama mpiganaji mdogo aliyeshinda kwa shida. Ikabidi wangoje kidonda kipone ndipo kifaa kiwashwe, na katika kungoja huko kambi zote mbili zilifanya mazoezi. Kukhu alikunywa maji ya tangawizi kutengeneza koo. Alitaja wafu wake akiwa sokoni, akipima omena, hadi mteja mmoja akauliza kama Muhonja ni aina mpya ya samaki. Kutoka Kawangware zilifika habari kwamba Susu Wayua anaitia ndani ya sufuria tupu ili ajisikie vizuri.

Siku ikafika. Kukhu alivaa sare yake kamili ya akina mama wa kanisa: gauni jeupe, kitambaa cha kichwa, na kifuani, karibu na bega, beji kubwa ya chuma iliyong'arishwa kwa majivu. Susu Wayua alikuja na kitenge kipya na miwani ya kusomea, ingawa hapakuwa na kitu cha kusoma. Hospitali iliruhusu wazazi wawili tu chumbani. Kukhu alimweleza muuguzi kwamba yeye ndiye anayembeba mtoto, na Susu Wayua akaeleza kwamba yeye ndiye anayembeba yule anayembeba, na kabla muuguzi hajapanga jibu walikuwa wameshakaa.

Mtaalamu wa masikio alikuwa mwanamke kijana aitwaye Mitchelle, mwenye sauti ya chini na subira inayoonekana kwa macho. Aliwaonyesha kifaa. Kipande kimoja kilikaa nyuma ya sikio kama miwani iliyokatwa nusu. Kutoka hapo ulitoka waya mfupi wenye kisahani, na kisahani kilikuwa na sumaku ya kukishikisha kichwani, juu ya kile kilichopandikizwa ndani.

"Kisahani kikitoka kichwani, hasikii kitu," Mitchelle akasema. "Ni kama kuzima. Nyumba yenu ni ya mabati?"

"Ya mabati," Morris akasema.

"Basi mtakikuta kimeshika ukuta kila siku. Msishtuke. Kirudisheni tu."

Akasema wangeanza na sikio la kulia peke yake, kwa sauti ndogo, na la kushoto lingefuata baadaye. Akaomba chumba kiwe kimya. Aliwatazama mabibi wawili alipokuwa akisema hivyo. Mabibi wawili walitazama dari.

Mutanu alimpakata mtoto. Mitchelle akabandika kisahani, akabonyeza kitu kwenye kompyuta yake, akabonyeza tena. Musimbi alikuwa akitafuna mguu wa twiga wa plastiki. Akaacha kutafuna. Macho yake yakawa makubwa, yakaenda kulia, yakaenda kushoto, yakamtafuta mama yake kama mtu aliyeingiliwa na mgeni ndani ya kichwa chake mwenyewe. Twiga akaanguka sakafuni. Mlio wa twiga kuanguka nao ukamfikia. Mdomo ukapinda. Kisha akalia, akasikia kilio chake, akakishangaa, akalia kwa sababu hiyo.

"Anasikia," Mitchelle akasema, akicheka. "Hicho ndicho tunachotaka. Anasikia."

Morris aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika. Mutanu alikuwa akicheka na kulia kwa uso mmoja. Ilikuwa saa ya familia kushikana mikono na kushukuru.

Kukhu akasimama. "Imali," akaita.

"Mama, tafadhali," Mitchelle akasema.

"Kalekye," akaita Susu Wayua, ambaye hakukubali zamu yake ipotee.

"Muhonja."

"Syombua. Syombua wa Mutitu, mwenye mbuzi."

"Hakuna kuongeza anwani," Kukhu akasema. "Tulikubaliana jina tupu."

"Mbuzi si anwani."

Mtoto alikuwa akilia kwa namna ambayo Kukhu, kwa uzoefu wake wote, hakuwa amewahi kukutana nayo. Kila jina lilimwingia kama mlango uliobamizwa. Kadiri alivyolia ndivyo mabibi walivyopandisha sauti ili wasikike, na kadiri walivyopandisha ndivyo alivyolia. Mutanu akamwambia mama yake, kisha mama mkwe, "Mwaitu, nyamaza. Kukhu, nyamaza, tafadhali." Lakini alisema kwa adabu, na adabu haikusikika. Kageha aliitwa. Nduku aliitwa. Mlango ukafunguliwa, muuguzi akaingiza kichwa akauliza kama kuna mtu anaibiwa, na Mitchelle akainuka kwenda kumtuliza mlangoni, ambako nyuma ya muuguzi alikuwapo pia mlinzi, na nyuma ya mlinzi wagonjwa waliokuwa na nafasi.

Kukhu aliona wakati umefika. Alimnyanyua mtoto kutoka mapajani pa Mutanu, akamlaza begani kama siku ile ya kwanza, kichwa cha mtoto kikijisugua kifuani pake kwa hasira. Akavuta pumzi.

"Musimbi," akasema.

Mtoto akanyamaza.

Alinyamaza mara moja. Akashusha pumzi moja ndefu ya kwikwi, akainua uso, akamtazama Kukhu.

Morris alikuwa amegeuka kutoka ukutani, machozi yakiwa bado yananing'inia kidevuni. "Ha," akasema. Susu Wayua alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Sheria ni sheria," Susu Wayua akasema polepole, kama mtu anayemeza kidonge bila maji. "Ameitika. Mama Morris, nimekubali."

Kukhu hakuwahi kusikia maneno matamu kama hayo kutoka Kawangware. Alitaka kuyajibu kwa ukarimu, kwa jambo litakaloumiza kidogo. Akainamisha macho ili ajipange, na hapo akaona kisahani.

Kilikuwa kimeshika beji yake. Kilikuwa kimekaa katikati kabisa ya beji, kwa unyenyekevu, waya wake mfupi ukielekea nyuma ya sikio la mtoto. Kichwani hapakuwa na kitu ila nywele na kovu dogo.

Hakuna aliyekuwa amekiona. Mgongo wa mtoto ulikificha kwa Morris na Mutanu. Mitchelle alikuwa bado mlangoni akimwambia mlinzi kwamba ni majina ya watu tu. Kukhu alikuwa na nafasi ya kutosha. Angeweza kukohoa. Angeweza kugeuka dirishani, kukirudisha baadaye kidogo, mtoto alie upya kwa sababu nyingine yoyote ile, watoto hulia. Jina lingekuwa limeshakaa, na shahidi wake angekuwa Wayua, adui mwenyewe, jambo ambalo hata mahakama kuu hailipati kwa urahisi. Musimbi angeitwa asubuhi kwenda kunawa, angeitwa shuleni, angeitwa kanisani siku ya harusi. Mtu aliyembeba mgongoni angeishi miaka mingine sabini.

Alimtazama mtoto. Mtoto alikuwa akimtazama mdomo. Alikuwa ametulia kabisa, kwa ile nidhamu isiyokuwa imeonekana Kibera, ileile ambayo Kukhu alikuwa ameitangaza huku akipima omena. Kukhu alisema tena, kwa sauti, "Musimbi," akitumaini. Mtoto akatabasamu kwa meno yake machache, akaupiga mdomo wa bibi kwa kiganja, kama anavyofanya mtu anayeona kioo kinachotembea. Hakuwa amesikia hata herufi.

Kukhu alikitoa kisahani kwenye beji. Kilitoka kwa ubishi. Mikono yake ilizoea samaki wadogo wasio na idadi, na bado alikosa mahali mara mbili kabla ya sumaku kujivuta yenyewe na kushika.

Mtoto alipiga yowe.

"Kilikuwa kimetoka," Kukhu akasema juu ya kelele. Mutanu alikuwa amesimama. "Kilikuwa kwa beji yangu. Hakuitika. Kilikuwa kimezima."

Morris alimtazama mama yake, akatazama beji, akatazama tena mama yake.

"Nilijua," Susu Wayua akasema, akirudisha miwani puani. "Nilisema, huyu Musimbi hawezi kuwa na nguvu hivyo na hata kesi moja hakushinda." Lakini hakusema kwa nguvu, na hakumwita Mukai, ingawa ilikuwa zamu yake.

Mitchelle aliufunga mlango. Alirudi, akamchukua mtoto akampa mama yake, akawaonyesha mabibi viti, na wakakaa. Hakupandisha sauti, na Kukhu alikumbuka walimu wa aina hiyo na akaogopa. Mitchelle akapunguza kitu kwenye kompyuta. Kilio kikaanza kuvunjika vipande vipande. Kukhu alikuwa ameubana mdomo kwa mkono, kazi ngumu kuliko kuchambua omena, na pembeni yake alimsikia Susu Wayua akipumua kwa shida ileile. Mtoto aliokotewa twiga. Alimgonga twiga kwenye meza. Akasimama kusikiliza. Akamgonga tena, kwa makusudi, akamtazama kila mmoja wao kuona kama naye amepata habari hiyo.

"Sasa," Mitchelle akasema kwa upole. "Kuanzia leo mtaongea naye sana. Karibu, kwa sauti ya kawaida, jambo lilelile kila siku. Hasa jina lake, kwa sababu hilo ndilo atalijua mapema. Lakini liwe moja. Mkimwita hivi Kibera na vile Kawangware, mtamchanganya. Anaitwa nani?"

Morris alitazama viatu. Susu Wayua alianza kuvuta pumzi.

"Mwaitu, ngoja," Mutanu akasema. Hakusema kwa adabu. "Anaitwa Musimbi."

"Hakuitika," Kukhu akasema. Alilazimika; sheria ilikuwa yake. "Mutanu, usinihurumie. Hakuna aliyemnyamazisha. Hata Mukai bado ana nafasi."

"Kukhu, jina liko kwa cheti. Morris alipanga foleni akarudi nyumbani amefanana na babake. Mimi siendi kwa hiyo ofisi kubadilisha. Wewe utaenda?"

"Mimi hapana," Morris akasema haraka.

"Mwaitu, utaenda?"

Susu Wayua aliifikiria ile ofisi. Alikuwa amewahi kwenda kurekebisha herufi moja ya jina lake mwenyewe na hadi leo kitambulisho chake kilikuwa cha mtu mwingine.

"Si ati nimeshindwa," akasema.

"Hakuna amesema umeshindwa."

"Iandikwe kwamba sijashindwa."

"Imeandikwa," Mutanu akasema. Halafu akamgeukia Kukhu, akamwekea mtoto mapajani, na kwa mkono mwingine akaifungua ile beji, akaiweka mezani mbali nao. Kisha mkono huo akauweka begani pa Kukhu. "Kama hajaitika, mfundishe. Si umesema wewe ndiye unajua kuita?"

Katika ukoo wake hapakuwa na utaratibu wa jambo kama hili, mtoto kufundishwa jina kwanza na kuitika baadaye. Alimgeuza mtoto kidogo ili asione mdomo wake, asikie tu. Akainama karibu na kile kifaa.

"Musimbi," akasema.

Mtoto alikuwa akijaribu kung'oa jicho la twiga.

"Musimbi."

"Unamwita kama mteja anayetoroka na omena," Susu Wayua akanong'ona. "Punguza. Weka asali kidogo."

"Basi ita wewe."

Susu Wayua alitazama kulia na kushoto, kana kwamba watu wa Kitui wangeweza kuwa wamejificha chini ya meza ya kompyuta. Akasogeza kiti. Akakohoa.

"Musimbi," akasema, kwa sauti ndogo ambayo Kukhu hakujua anayo.

Mtoto hakugeuka. Jicho la twiga lilikuwa limeanza kulegea.

"Yako nayo ina asali nyingi," Kukhu akasema. "Anadhani ni mtu mwingine. Ngoja." Akainama tena, akaliita jina la dada yake, na hakuitikiwa, akaliita tena.